Komamanga

Wanaosaka ujana kwenye vidonge wanarudishwa kwenye komamanga. Katika jina hilo, koma ni tunda la mkoma. Manga ni Arabuni, kama katika pilipili manga. Tafuna utando mweupe unaotenga punje za komamanga: ule ukakasi ulimini ni tanini. Bakteria wa utumbo huigeuza kuwa urolithini A, na si kila tumbo linao. Utafiti wa Marekani wa 2022, kwa wazee wa miaka 65 hadi 90, ulikuta vidonge vya urolithini A vikiongeza ustahimilivu wa misuli. Katika kutembea dakika 6, havikuzidi vidonge bandia. Kuiita urolithini A “dawa ya uzee” ni uchuuzi. Tuseme kirutubisho.