Mwongozo wa TANU na fikra za menejimenti

Mwongozo ni tamko la chama cha TANU lililotolewa Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kupindua serikali ya Uganda. Tamko linakumbukwa zaidi kwa siasa za ukombozi, lakini uzito wake katika elimu ya uongozi wa kazi ni mkubwa kuliko unavyotambuliwa.

Kiini chake ni kifungu cha 15, kinachomkataza kiongozi majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Vitabu vya menejimenti vya wakati huo vilimfundisha meneja kumsimamia mfanyakazi. Hapa mfanyakazi alipewa kipimo cha kumpimia meneja. Viwandani Dar es Salaam watu walikitaja kifungu hicho kwa namba yake walipogoma, mara nyingi wakidai heshima, si mshahara peke yake. Mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, yaliyoanzishwa kwa waraka wa Rais wa 1970, yalikuwa ya ushauri tu, na huo ndio uliokuwa udhaifu wake. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikwenda mbali zaidi: walikitwaa kiwanda na kukiendesha.

Wasomi waliandika kuhusu suala hilo. Mwaka 1976 zilitoka kazi mbili muhimu, kitabu cha Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka nchini Tanzania, na mkusanyiko uliohaririwa na Henry Mapolu kuhusu wafanyakazi na menejimenti.