Kipanya cha Commodore 1351

Kipanya hiki chenye gololi tumboni ni cha miaka ya 1980. Kampuni ya Marekani ya Commodore ilikitengeneza kwa ajili ya kompyuta zake za nyumbani, hasa Commodore 64 iliyotoka mwaka 1982.

Fuata waya wake: unaingia kwenye tundu la joistiki. Kompyuta haikukijua kipanya mpaka ipewe kiendeshi, programu fupi iliyoandikwa kwa lugha ya asembli kwa kuwa lugha ya BASIC ilikwenda polepole mno. Msomaji wa mwendo ni SID, chipu ya muziki (ndiyo, ya muziki!), kupitia anwani 54297 na 54298.

Chipu hutoa namba zinazozunguka tu, 0 hadi 63, kisha upya. Kwa hiyo mara 60 hivi kwa sekunde, kiendeshi hutoa namba ya awali kwenye namba mpya, kama karani wa kituo cha chai hapa Sotik anavyotoa uzito wa gunia. Kinachobaki ndicho mwendo.

Mshale unaosogezwa na kipanya kwenye kioo ndio uliowasumbua waandishi wengi wa programu. Kioo kina nukta 320 kwa upana, na baiti moja huishia 255. Ukisahau biti ya tisa, iliyotengwa kwenye anwani 53264, mshale unaokwenda kulia huibukia kushoto.

Kipanya hiki kimehifadhiwa kwa kuwa kiendeshi chake ni kifupi kiasi cha mtu mmoja kukisoma chote na kukielewa. Ukiwasha kompyuta huku umebonyeza kitufe cha kulia, kipanya hujigeuza joistiki.