Undugu wa migomba ya Karagwe na hatari yake

MIGOMBA ya ndizi za kupika inayostawi Kituntu, wilayani Karagwe, ina majina mengi, lakini tafiti za vinasaba zinaonyesha kuwa aina zake zote ni uzao wa mgomba mmoja wa kale.

Ndizi hizo hazina mbegu. Migomba huoteshwa kwa machipukizi. Tofauti zilitokana na mabadiliko madogo ya vinasaba, ambayo wakulima waliyachagua na kuyatunza kizazi hadi kizazi.

Undugu huo una hatari: kinachoua mmoja huweza kuua wote. Mnyauko bakteria, ulioripotiwa mkoani Kagera mwaka 2006, haukukuta miongoni mwao aina yenye kinga. Tegemeo ni mkulima mwenyewe: kupitisha panga kwenye moto, kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda na kung'oa mgomba mgonjwa.