Kimo cha Kibo na sifuri ya Tanga

Ukikaa Moshi huwezi kuikwepa 5,895. Iko kwenye fulana, iko kwenye cheti anachokabidhiwa mgeni akishuka Mlima Kilimanjaro, na iko kwenye ubao wa kilele cha Uhuru, juu ya Kibo. Vijana wanaopeleka watalii wakijua kwamba mimi ni mpima ardhi huniuliza kama ni ya kweli. Nami huwauliza: mita 5,895 kuanzia wapi?

Mzungu wa kwanza kukipa kilele hicho kimo akiwa amesimama juu yake ni Hans Meyer, aliyefika na Ludwig Purtscheller Oktoba 1889. Akatangaza mita 6,010 hivi. Wasafiri wa enzi zile walitegemea barometa, au walichemsha maji na kusoma kipimajoto, maana kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 80 na ushei tu. Kasoro yake ni kwamba hewa haitulii. Mgandamizo ukishuka kwa sababu ya hali ya hewa, mlima nao unaonekana umerefuka, na aliyeko kileleni hana namna ya kutofautisha.

Waingereza walikwenda kwa teodolaiti, wakikipima kilele kwa pembe kutoka mbali, huko chini. Mwaka 1952 wakapata 5,895. Miaka tisa baadaye, Tanganyika ilipopata uhuru, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha Mwenge wa Uhuru, na kilele kilichokuwa na jina la Kaisari Wilhelm kikawa Uhuru. Jina lilibadilishwa, namba ya mkoloni ikaachwa mahali pake, na sijawahi kusikia mtu akilalamika.

Sasa rudi kwenye lile swali langu. Ubaoni, baada ya namba, kuna herufi AMSL, yaani juu ya wastani wa usawa wa bahari. Bahari gani? Ramani zetu huhesabu kimo kutoka Tanga, kwenye kipimamaji cha bandarini kilichosomwa kati ya 1962 na 1964. Anayeijua Tanga anajua kwamba wakati wa bamvua maji ya kujaa na ya kupwa hupishana zaidi ya mita tatu, kwa hiyo usawa wa bahari hauonekani kwa macho. Unapatikana kwa kuandika na kugawa. Tena kawaida ya wapimaji ni kusoma miaka 19 hivi, ili mzunguko mrefu wa mwezi uishe. Sisi tuna miaka mitatu. Na angalia tarehe: mlima ulipata 5,895 yake miaka kumi kabla ya kipimo hicho cha Tanga kuanza kusomwa.

Setilaiti zilikuja na sifuri nyingine kabisa. Haziijui bahari. Zinahesabu kutoka umbo laini la hesabu linaloitwa elipsoidi, na ukanda wetu wote wa pwani uko chini ya umbo hilo. Kituo cha kupokelea mawimbi ya setilaiti pale Malindi, Kenya, kimejengwa nchi kavu, lakini kimo chake rasmi cha elipsoidi ni hasi, mita 20 na kitu. Kugeuza kimo hicho kuwa cha bahari unatoa tofauti ya jioidi, yaani uso wa bahari ukifikiriwa kupita chini ya nchi kavu. Kwa kuwa kwetu tofauti hiyo ni hasi, kuitoa ni kujumlisha, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Niliwahi kuletewa michoro ya bomba la maji ambamo chemchemi ilipimwa kwa setilaiti na tangi likapimwa kutoka benchimaki, yaani alama yenye kimo cha bahari. Kwenye karatasi, chemchemi ilikuwa chini ya tangi. Kwa macho ungeona tangi liko bondeni, na mhandisi alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya pampu.

Mwaka 1999 wapimaji wa chuo cha ardhi cha Dar es Salaam, ambacho leo ni Chuo Kikuu Ardhi, walipanda na wenzao wa Karlsruhe, Ujerumani, wakiwa na vipokezi vya GPS. Wakapata 5,892. Safari ya 2008 ikatoa 5,891. Mwaka 2014 ikatoka 5,899. Setilaiti yenyewe, ukiipa muda wa kutosha, hukosea sentimita tu. Utata uko kwenye jioidi. Mlima mkubwa namna ile una uvutano wake, unaivuta jioidi juu, na kujua umeivuta kiasi gani kunahitaji vipimo vya uvutano kwenye miteremko ambako hata mtu mwenyewe anapanda kwa taabu.

Kwa hiyo wanaotaka ubao ubadilishwe kila msafara unaposhuka siwaungi mkono. 5,895 ibaki. Ila ningependa chini ya zile herufi nne iongezwe 1952, kwa maandishi madogo, na kwenye ripoti zote za baadaye mtu aandike jioidi aliyotumia kabla ya kuandika mita.