Neno "Kinga" na Chanjo ya Peptidi Bondeni Kilombero

Msafiri atokaye nyanda za juu za Iringa, akashuka milima ya Udzungwa kwa upande wa kusini-mashariki, huingia bonde la Kilombero, penye mji wa Ifakara na kijiji cha Idete. Hapo Idete, mwaka 1993, watoto walianza kupewa SPf66, chanjo ya malaria iliyobuniwa na Dakta Manuel Patarroyo wa Kolombia. Chanjo hiyo haikuwa na kimelea ndani yake, mzima wala mfu. Ilikuwa peptidi, yaani mnyororo wa asidi amino uliounganishwa katika maabara ili kuiga vipande vya protini za kimelea.

Neno chanjo limesafiri mbali. Kuchanja kwanza ni kupasua, kama kuni. Tena ni kuitoja ngozi kwa wembe ili dawa ipakwe. Hivyo jina la tendo halikuwa tatizo. Ugumu ulikuwa katika kulieleza tokeo lake.

Watoto 586, wa umri wa mwaka 1 hadi 5, waligawanywa kwa bahati nasibu; baadhi yao walipata SPf66, wengine sindano isiyo na peptidi hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba homa za malaria zilipungua kwa asilimia 31. Walakini wataalamu walikiri kwamba kipimo cha kweli chaweza kuwa 0, au kufikia 52.

Je, twaweza kuiita hiyo kinga? Kinga ya mvua ni ile inayomfanya mtu asilowe. Mzazi aambiwaye kwamba mwanawe amekingwa aweza, bila kosa lolote, kukiweka chandarua kando. Kitenzi kilichofaa ni kupunguza.

Majaribio yaliyofuata yalithibitisha haja ya uangalifu huo. Huko Gambia mwaka 1995, na Thailand mwaka 1996, chanjo hiyo haikuonekana kufaa. Hata kwa watoto wachanga wa Ifakara, mwaka 1999, haikuwafaa. Chanjo ya malaria iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 ni nyingine, RTS,S, nayo pia hupunguza ugonjwa pasipo kuukomesha.

Mbeya nako chanjo za Ukimwi zimejaribiwa katika karne hii. Basi mfasiri wa maelezo ya majaribio kama hayo na akipime kila kitenzi, kwani mzazi hutia saini kwa kuyaamini maneno aliyosomewa.