Elfu Sita ya Mwanafunzi: Fungu la Shule kutoka Misheni ya Kolandoto hadi Dhahabu ya Geita

Ukiwauliza watu wa Shinyanga kuhusu Kolandoto, wengi watakutajia hospitali. Wana sababu. Africa Inland Mission ilifungua kituo pale mwaka 1913, miaka minne baada ya kukipokea kituo cha Nassa kutoka kwa wamisionari wa Kianglikana wa CMS, na hadi leo wagonjwa wa wilaya jirani huifuata hospitali hiyo ya kanisa la AICT. Lakini misheni za wakati ule hazikuja na dawa peke yake. Zilikuja na kitabu, na kitabu kilidai darasa, mwalimu na mtu wa kulipa gharama. Nani alipe, na alipie nini? Swali hilo lina umri wa zaidi ya miaka 100 katika eneo hili, na kila Januari linarudi upya mlangoni kwa mzazi anayeandikisha mtoto.

Mwanzoni jibu lilikuwa rahisi. Misheni ilitoa mwalimu na vitabu, wanakijiji wakatoa miti, nyasi na nguvu zao. Serikali ya kikoloni ilikuwa na shule zake chache na haikujihusisha sana na hizo za vijijini. Mambo yalibadilika baada ya mwaka 1924, wakati tume ya elimu ya Phelps-Stokes, ambayo James Aggrey wa Gold Coast alikuwa mmoja wa wajumbe wake, ilipopita Afrika Mashariki na kuzihimiza serikali zishirikiane na misheni. Mwaka uliofuata mkurugenzi wa elimu wa Tanganyika, Stanley Rivers-Smith, aliwakutanisha wamisionari na maofisa wa serikali Dar es Salaam. Kutokana na mkutano huo, na sheria ya elimu ya mwaka 1927, ukazaliwa utaratibu wa ruzuku: shule ya misheni yenye mwalimu mwenye cheti, iliyokaguliwa na kuonekana inafaa, ilistahili fedha za serikali.

Utaratibu huo ulikuwa na mantiki yake. Serikali haikutaka kulipia banda ambalo mwalimu wake mwenyewe alikuwa anajifunza kusoma. Ila angalia nani alinufaika. Misheni kubwa yenye chuo cha ualimu ilipata ruzuku, ikaajiri walimu wengine wenye vyeti, ikapata ruzuku zaidi. Shule ya kijijini isiyo na mwalimu wa cheti haikupata kitu, kwa hiyo haikuweza kumpata mwalimu wa cheti. Tangu siku hizo fedha za elimu katika nchi hii zimekuwa na tabia ya kufuata mahali ambapo tayari kuna kitu.

Juu ya hilo ukaja mgawanyo wa rangi. Elimu ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika ilikuwa na mafungu tofauti, na mtoto wa Kiafrika, ambaye wenzake walikuwa wengi kuliko wote, ndiye aliyepata kidogo kuliko wote. Mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui, jirani kabisa na Kolandoto, na mgodi ukakua na kuwa mji wenye huduma zake wenyewe. Watoto wa vijiji vya karibu na hapo waliendelea kutegemea misheni, hazina ya utemi na mfuko wa baba aliyetoka kuuza pamba.

Uhuru ulifuta mgawanyo wa rangi mwaka 1962. Ada ya sekondari ikaondolewa mwaka 1964, na ya shule za msingi mwaka 1973. Katikati yake, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na shule zikatakiwa kuwa na mashamba. Kwa Usukuma hilo halikuwa geni: watoto walijua jembe na walijua pamba. Sheria ya elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya serikali. Mwalimu aliyekuwa akiajiriwa na kanisa sasa alikuwa mtumishi wa umma, na mshahara wake ulitoka kapu moja na wa mwenzake wa Lindi au Kilimanjaro. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika historia ya ugawaji wa rasilimali za shule zetu, kwa sababu mwalimu ndiye gharama kubwa ya elimu, na kwa mara ya kwanza mtoto wa Kolandoto alihesabiwa sawa na mtoto mwingine yeyote.

Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974, lililotaka watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe darasani ifikapo 1977. Wanavijiji walifyatua tofali na kujenga madarasa. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa kazi wakiwa hapohapo vijijini, wakawa walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, jina ambalo baadaye lilitamkwa kwa dharau wasiyostahili. Waliibeba shule mgongoni wakati serikali haikuwa na mtu mwingine wa kumpeleka. Kilichokosekana ni fedha za kuendesha kile kilichojengwa. Halmashauri za wilaya zilikuwa zimefutwa mwaka 1972 na hazikurudi hadi 1984, kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 10 hapakuwa na chombo cha karibu cha kuchaguliwa na wananchi ambacho mzazi angekibana kuhusu paa linalovuja. Uchumi ulipoanguka, michango ikarudi, ada ikarudi, na kufikia mwaka 2000 nchi nzima ilikuwa na wanafunzi wa shule za msingi wapatao milioni 4.4, huku mamilioni ya watoto wakiwa nje ya darasa.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulifuta ada tena mwaka 2001. Miaka minne baadaye wanafunzi walikuwa milioni 7.5. Mpango huo ndio ulioleta fedha ambayo walimu wengi huiita kapitesheni: dola 10 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, 4 kati yake za vitabu, zilizobaki za ukarabati, chaki, daftari, mitihani na utawala. Kamati ya shule, yenye wazazi ndani yake, ilipewa kazi ya kupanga matumizi. Kwenye karatasi ulikuwa utaratibu bora kuliko wote waliowahi kuupata: fedha inamfuata mtoto, na mzazi anaona inakokwenda.

Kwenye akaunti ya shule hadithi ilikuwa nyingine. Fedha zilipita wizarani, zikapita halmashauri, zikafika pungufu na zimechelewa. Na kiwango chenyewe kililala usingizi. Kilipowekwa kuwa shilingi 10,000, dola moja haikufika shilingi 1,000. Mwaka 2016, Rais Magufuli alipoanza kutekeleza elimu bila ada na fedha zikaanza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za shule, dola ilikuwa imeshapita shilingi 2,000, lakini hesabu ilibaki ileile 10,000, na kati ya hizo 4,000 zikizuiwa juu kwa ajili ya vitabu.

Hebu tuishike hiyo elfu sita iliyobaki mkononi. Mwaka wa masomo una siku 194. Gawanya, unapata kama shilingi 31 kwa mtoto kwa siku. Kwa fedha hiyo mwalimu mkuu anunue chaki, atengeneze dawati lililovunjika, azibe bati, achape mtihani wa darasa la nne, anunue mpira. Shule yenye watoto 900 inapata shilingi 450,000 kwa mwezi, ikiwa zote zimefika. Shule ya kijijini yenye watoto 250 inapata 125,000, na paa lake halivuji kidogo kwa sababu watoto ni wachache. Mgao wa vichwa ni wa haki kwa daftari. Kwa jengo na kwa umbali si wa haki, na walimu wakuu wa shule ndogo wanalijua hilo kuliko mtu yeyote wa Dodoma.

Je, kapitesheni ikifika yote, mtoto atajua kusoma? Swali hili limejaribiwa, tena katika ukanda huuhuu. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha jaribio la KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10, Geita na Kahama zikiwamo. Shule 70 zilipewa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, juu ya ruzuku ya serikali. Nyingine 70 hazikupewa fedha za uendeshaji, bali walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo, na mwalimu mkuu 1,000. Shule 70 nyingine zilipata vyote viwili, na 140 zilibaki kama zilivyokuwa, kwa ajili ya kulinganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 katika Quarterly Journal of Economics na watafiti sita, wakiwamo Isaac Mbiti, Constantine Manda na Rakesh Rajani.

Shule zilizopata fedha tupu hazikuzipita zile ambazo hazikupata kitu. Baada ya miaka miwili watoto wao walisoma na kuhesabu kwa kiwango kilekile. Sehemu ya sababu ilikuwa nyumbani: wazazi walipoona shule ina fedha, walipunguza walichokuwa wakikitoa wenyewe. Motisha peke yake nayo haikuleta mabadiliko ya kutegemewa. Ni pale vilipokutana, vifaa na mwalimu mwenye sababu ya kuvitumia, ndipo watoto waliposonga mbele waziwazi.

Wapo waliosoma matokeo hayo na kusema kumbe fedha si tatizo. Huko ni kusoma vibaya. Bila vitabu hata mwalimu mwenye ari hakufika mbali. Nami pia nina hofu na zawadi zinazofungwa kwenye mtihani. Uingereza iliujaribu mtindo wa kulipa shule kwa matokeo tangu 1862, na kabla karne ile haijaisha ikauacha, baada ya walimu wengi kugeuka wakaririshaji. Lakini fundisho la Geita na Kahama haliwezi kupuuzwa: fedha ikifika katika shule ambayo mwalimu mmoja ana watoto 100 mbele yake, au mwalimu hayupo, inageuka kuwa rangi ya ukuta.

Na rangi ya ukuta ndiyo tunayoipenda. Ukanda huu una utajiri ambao mikoa mingi haina. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata 2001, Buzwagi ulichimbwa kuanzia 2009 hadi ulipofungwa. Halmashauri zinatoza ushuru wa huduma kwenye mauzo ya migodi, na tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 kampuni ya uchimbaji lazima ikubaliane na halmashauri kila mwaka juu ya mpango wa kuihudumia jamii. Sekondari ya wasichana ya Nyankumbu, mjini Geita, ilijengwa kwa fedha za mgodi, na ni jambo la kushukuru. Ila mgodi una mpaka. Kolandoto ipo Manispaa ya Shinyanga, almasi ya Mwadui ipo Kishapu, na ushuru hauvuki mpaka wa halmashauri. Mtoto anapata kulingana na upande wa barabara aliozaliwa, kama enzi zile za mwalimu wa cheti.

Mwaka 2021 serikali ilitumia sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kujenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa miezi michache. Ilikuwa kazi kubwa na ilihitajika, hasa baada ya mawimbi ya watoto walioingia na elimu bila ada. Darasa lina jiwe la msingi, lina utepe wa kukata. Mwalimu wa tatu wa darasa la kwanza hana utepe, na ndiye anayehitajika zaidi. Mpango wa lipa kulingana na matokeo, ulioanza 2014 kwa fedha za wahisani, uliweka usawazishaji wa walimu kati ya shule kuwa moja ya masharti ya kupata fedha. Huo ndio mwelekeo ninaoutetea: kabla ya kupeleka tofali lingine, halmashauri ihesabu walimu wa kila shule, iwahamishie vijijini wanaozidi mjini, na iwajengee nyumba za kuishi huko, maana mwalimu asiye na pa kulala ataomba uhamisho kabla mwaka haujaisha.

Kamati za shule bado zipo kisheria, na mapato na matumizi ya shule yanatakiwa kubandikwa mahali wazazi wanaweza kuyasoma. Karatasi hiyo ina tarakimu chache tu, haihitaji mhasibu. Wazazi wa Kolandoto, Mwadui, Kahama na Geita, nendeni mkutanoni, mwombeni mwalimu mkuu aisome kwa sauti, kisha mwulizeni ni watoto wangapi wa darasa la pili wanaoweza kusoma aya moja ya Kiswahili bila kusaidiwa. Majibu yote mawili yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na nakala ipelekwe kwa ofisa elimu wa kata.