Tarehe ya Watu wa Maktaba wa Ruhuwiko

Yapo maneno barazani Songea kwamba Ruhuwiko haikuwahi kuwa na chuo kikuu, ilikuwa na majengo na masista tu. Wasemao hivyo wengi ni watu wa mjini ambao huku hawafiki ila siku ya kumsindikiza mgeni uwanja wa ndege. Kwa ajili yao naandika. Chuo kilikuwapo, tena viwili: Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Yosefu cha Sayansi za Kilimo na Teknolojia, na ndugu yake wa Teknolojia ya Habari. Vyote vilikuwa watoto wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu cha Mbezi Luguruni, Dar es Salaam. Penye chuo pana maktaba, na maktaba ina watu wake. Hao ndio hawajaandikwa.

Asili ya kazi yetu kwa upande wa huku ni Peramiho, na hilo halina mjadala. Wabenediktini walipiga hema pale mwaka 1898, wakiongozwa na Padri Cassian Spiss, ambaye baadaye alikuwa askofu na kuuawa mwaka 1905. Mwaka huohuo wa 1905 misheni iliteketea katika Vita vya Majimaji, na vilivyokuwamo vikateketea nayo.

Hapa wazee hawakubali tarehe ianze kwenye moto huo, nami niko upande wao. Mwaka 1903 padri alichoma kibanda cha mahoka, yaani mizimu ya mababu, cha Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Wangoni, palepale Peramiho. Anayehesabu hasara ya misheni bila kuhesabu kibanda cha mahoka ameanzia katikati ya daftari. Mputa akanyongwa na Wajerumani mwaka 1906 kwa ajili ya vita hivyo, na Nduna Songea Mbano akanyongwa mwaka huohuo, naye ndiye mji huu unabeba jina lake. Wazee wanasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na hakuna mtoto wa Songea asiyelijua hilo. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja mwenyewe kwenye Makumbusho ya Majimaji. Akaomba radhi, akaahidi kwamba kichwa kitatafutwa, ila hakuahidi kwamba kitapatikana, kwa kuwa kukitambua ni kazi ngumu. Mtu wa maktaba akisikia hivyo anaelewa mara moja. Mali ilipokewa, ikawekwa rafuni, na hakuna aliyeandika ni ya nani wala imetoka wapi. Kwetu mtumishi wa namna hiyo hapewi hata kazi ya kupanga magazeti. Wao wamejenga majumba makubwa ya makumbusho, na daftari la mapokezi limewashinda.

Nirudi kwenye vitabu. Peramiho ilijengwa upya, ikawa abasia mwaka 1931, ikawa na seminari na kiwanda cha kuchapa, hata mkoa huu ukazoea kuona kitabu kimezaliwa hapahapa. Serikali nayo ilifanya lake: sheria ya mwaka 1963 iliunda bodi ya maktaba, Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, na Songea tukawa na maktaba ya mkoa. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo chake mkoani. Chuo cha Askofu Mkuu James, kilichopewa jina la marehemu James Komba, kilikuwa cha watu wa Mtakatifu Augustino wa Mwanza. Hao wana wasemaji wao.

Asili ya pili ndiyo watu wasiyoijua, na ndiyo inayoipa Ruhuwiko heshima. Masista walioleta chuo, Mabinti wa Maria Imakulata, chimbuko lao ni Tamil Nadu, kusini mwa India, mji wa Chennai ambao zamani uliitwa Madras. Na Madras ndiko alikofanya kazi S. R. Ranganathan, ambaye kwa wakutubi wa dunia nzima ni mzee wa ukoo. Alikuwa mwalimu wa hisabati. Mwaka 1924 akapewa maktaba ya Chuo Kikuu cha Madras, akaona upweke wa pale haubebeki, akaenda kuomba arudishiwe chaki yake. Akaambiwa aende kwanza Uingereza akajifunze kazi. Akirudi bado imemchosha, darasa lake litamngoja. Alirudi, na hakuliuliza tena darasa. Mwaka 1931 akatoa kitabu cha kanuni tano za ukutubi, na mojawapo inamkataza mkutubi kumpotezea msomaji wakati. Mwaka 1931! Mwaka uleule Peramiho ilipokuwa abasia. Watu wa mjini wataniambia zimegongana tarehe tu. Mimi naandika kwamba mito miwili ilitoka mbali mwaka mmoja, na mahali ilipokutana ni Ruhuwiko.

Sasa maisha ya kaunta, kama yanavyosimuliwa na waliokaa nyuma yake. Asubuhi za Juni na Julai baridi ya Songea haina mzaha, na mhudumu alipokea vitambulisho mkono mmoja ukiwa ndani ya koti. Mikoba iliachwa mlangoni. Kelele za nje hazikukosekana, kwa maana Ruhuwiko ina ndege na ina malori: msimu wa mahindi ukifika, wakulima hupanga foleni kwenye kituo cha Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, magunia kwa magunia, wakingoja mizani.

Rafu zenyewe zilifuata namba za Dewey, na kwa kuwa vyuo vilikuwa viwili, maktaba ilikuwa na vichwa viwili. Upande mmoja ulianzia 004, kompyuta. Upande wa pili ulikuwa 630, kilimo, na huo ndio niupendao, kwa sababu mtu akisimama hapo mkoa mzima wa Ruvuma uko mbele yake. Mahindi ni 633.15, na akitoa kichwa dirishani anayaona yakishushwa. Tumbaku ni 633.71, hiyo ni Namtumbo. Inayofuata karibu kabisa, 633.73, ni kahawa, na hapo vijana wa Mbinga hawakuhitaji kuelekezwa. Korosho zimewekwa mbali kidogo, 634.573, pamoja na miti ya matunda, kama Tunduru yenyewe ilivyo mbali. Dewey alitunga mpango wake Marekani mwaka 1876 bila kuijua Ruvuma, lakini kwa mazao yetu hakutukosea.

Wasomaji walikuwa wa aina zote. Wengi walikuja na madesa yao na hawakugusa rafu. Walichotaka ni meza, taa na soketi ya kuchajia. Bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa maktaba ilijaa, kwa kuwa haina kiingilio. Likitoka, ilibaki na watumishi na wale wachache ambao kila maktaba inao, wanaokaa kiti kilekile mpaka kinaitwa kwa jina lao. Wiki moja kabla ya mitihani kitabu kimoja kilitakiwa na darasa zima, kikawekwa kwenye akiba ya kaunta, kisomwe palepale kwa saa. Hapo ndipo mhudumu alipoitwa “dada yangu” na watu ambao muhula mzima hawakumsalimia. Aliyeogopa kudisko alikuwa mpole kuliko sista.

Habari za watumishi zilikuwa zilezile za kila maktaba nchini. Wenye cheti na stashahada hutoka Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka Bagamoyo. Hufika Songea wakilalamika baridi, na mwaka wa pili wanamlalamikia mgeni aliyeacha dirisha wazi. Mmoja huenda likizo ya uzazi, mwenzake akashika zamu mbili. Mwingine hupata nafasi ya kusoma shahada, akaagwa kwa soda na keki kati ya rafu, mahali ambapo siku nyingine zote kula ni kosa. Kuna na yule mzee wa kushona vitabu vilivyochanika, mwenye gundi yake na uzi wake, ambaye hana cheo kwenye karatasi na bila yeye rafu zingekuwa kurasa tupu. Kama ningeulizwa nani aandikwe kwa wino mwekundu, ningesema huyo, mbele ya mkutubi mkuu yeyote.

Februari 2016 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ilifuta vibali vya vyuo vyote viwili vya Songea, ikitaja ubora wa elimu, uongozi na kutofuata taratibu. Wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine. Hapa ndipo wapinzani wangu wanapocheka: chuo gani hicho kinachofutwa? Nawajibu kwa desturi wanayoijua wao wenyewe. Hakuna mwanafunzi wa nchi hii anayeondoka chuoni bila fomu yake kupita maktaba, ikagongwa muhuri kwamba hadaiwi kitabu. Waulizeni waliohama mwaka ule, wako kila mkoa, wengine ni mabwana shamba wenu. Tume haifuti kisichokuwapo, na muhuri haugongwi na majengo.

Kiti cha msomaji wa mjini leo ni maktaba ya mkoa. Ruhuwiko imebaki na ndege, mahindi na shule ya sekondari ya Jeshi. Chuo cha Uhasibu Arusha nacho kimekuja na kampasi yake Songea, na nasikia vijana ni wengi. Tarehe ya hao waiandike wenyewe, na waanze na daftari la mapokezi.